Baada ya Kung'oa Gego la Mwisho: Mwongozo Kamili wa Matatizo Yanayotokea na Upasuaji Unaoyatibu

Simu ya usiku huwa na maneno yaleyale: "Daktari, damu haikati." Nami huuliza swali lilelile: shashi umeing'ata kwa muda gani bila kuitoa? Kimya kidogo, kisha: "Nimeshaibadilisha kama mara kumi hivi." Mara kumi ndani ya saa moja. Yaani kila baada ya dakika sita, damu iliyokuwa inajaribu kuganda imebanduliwa pamoja na shashi.

Mwongozo huu ni wa huyo anayepiga simu, na wa yule ambaye hajapiga ilhali ilimpasa apige tangu jana.

Kabla ya yote shika jambo moja: kila tatizo la gego la mwisho lina siku zake. Damu ni ya siku ya kwanza. Uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Tundu kavu, yaani shimo la jino lililopoteza damu iliyoganda, hubisha hodi kati ya siku ya pili na ya tano. Usaha mara nyingi huja baada ya hapo, wakati mwingine wiki kadhaa baadaye. Taya kuvunjika, jambo la nadra sana, hutokea zaidi wiki ya pili hadi ya nne. Ukijua uko siku ya ngapi, nusu ya jibu unalo.

Nusu nyingine ni mwelekeo. Maumivu yanayopungua kidogo kila siku, hata yakiwa makali, ni maumivu ya kupona. Yaliyopungua kisha yakapanda tena yana sababu yake, na sababu hiyo lazima itafutwe na daktari. Kumeza vidonge vingi zaidi hakutaiondoa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya siku ya kung'oa

- Shashi safi, vipande kumi hivi. Usitumie pamba: nyuzi zake hunasa kwenye kidonda, na ukiivuta unavuta na damu iliyoganda.
- Saa au simu yenye kengele. Dakika 30 za kukisia huwa ni dakika nane.
- Barafu na kitambaa cha kuifungia.
- Chumvi ya kawaida na glasi.
- Parasetamo, pamoja na ibuprofeni kama huna sababu ya kukatazwa.
- Kipimajoto.
- Mswaki wenye nywele laini.
- Mito miwili ya kuinua kichwa.
- Tochi ndogo na kioo.
- Daftari la kuandika siku, maumivu kwa alama 0 hadi 10, joto la mwili, na vidole vingapi vinaingia mdomoni.
- Namba mbili za simu: ya kliniki iliyokung'oa, na ya hospitali yenye huduma ya dharura saa 24.

Sigara na mirija ya kunywea iondoe nyumbani kabisa. Sisemi uipunguze, nasema isiwepo.

## Hatua ya 1: Usishuke kwenye kiti bila majibu manne

Watu wengi hushuka wakiwa na ganzi, wamechoka, wanataka kulala tu. Mwende na mtu, naye ndiye aulize na kuandika:

1. Je, mzizi wote umetoka, au kuna kipande kilichobaki? Kipande kidogo kisicho na maambukizi, kilicho karibu na neva, daktari anaweza kukiacha kwa makusudi, kwa kuwa kukichimbua kungeleta madhara makubwa zaidi. Hilo si kosa, ila ni lazima ulijue.
2. Kama ni gego la juu: je, uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, ule unaopakana na pua, umefunguka?
3. Nyuzi zitayeyuka zenyewe au nitarudi kutolewa?
4. Ganzi inatarajiwa kuisha saa ngapi?

Nawe useme yako mapema, kabla hata ya sindano: dawa za kuzuia damu kuganda, kisukari, mionzi ya kichwani au shingoni, dawa za kuimarisha mifupa kama alendronati au sindano za asidi ya zoledroni, ujauzito. Dawa ya kuzuia damu kuganda usiache kuitumia kwa uamuzi wako. Kiharusi ni kibaya kuliko jino linalovuja, na daktari ana njia za kung'oa huku ukiendelea na dawa, akishaona kipimo chako cha INR, kile cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, kama unatumia warfarini.

## Hatua ya 2: Damu, saa 24 za kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo twende polepole.

Ule ute mwekundu mzito unaojaza tundu ndio dawa yenyewe. Ndani yake ufizi mpya utapanda na mfupa utaota. Kazi yako yote siku ya kwanza ni kuulinda.

Shashi ya kwanza aliyokuwekea daktari ing'ate kati ya dakika 30 na 45, uitoe taratibu, uangalie. Damu ikiendelea, fanya hivi:

1. Kaa wima. Toa madonge laini yanayoning'inia mdomoni kama vipande vya ini. Hayo hayazuii damu. Yanaizuia shashi isifike panapovuja. Chukua maji kidogo, inama, yaache yadondoke yenyewe. Usiteme.
2. Chukua shashi mpya, ilowanishe kwa maji safi, iminye. Shashi kavu hugandana na kidonda.
3. Ikunje mara mbili, kisha mara mbili tena, mpaka iwe kifundo kinene kama ncha ya kidole gumba.
4. Iingize nyuma kabisa, juu ya tundu lenyewe.
5. Ng'ata kwa nguvu dakika 30. Usizungumze, usichungulie.

Namba tatu na nne ndizo zinazoharibika. Niliwahi kumpokea kijana aliyekuwa ameng'ata shashi saa mbili nzima, kwa uaminifu kabisa, na bado damu ilikuwa inamwagika. Nilipommulika mdomoni nikaona shashi imekaa juu ya gego la mbele yake. Meno yake ya juu na ya chini yalikuwa yanakutana vizuri hapo, yanaibana shashi, na pembeni tundu linavuja bila kuguswa na kitu. Jino limeshatoka, hapo pana pengo, na shashi nyembamba katika pengo haikandamizwi na chochote. Nilikunja shashi mpya mara nne, nikaisukuma nyuma, akang'ata. Dakika ishirini zilimtosha. Hakushonwa wala kuchomwa sindano.

Kama huna shashi, mfuko wa majani ya chai nyeusi uliolowekwa, ukaminywa na kupoa, unafaa kwa dharura. Tanini iliyomo husaidia mishipa midogo kujibana.

Utajuaje umefaulu? Shashi inatoka na doa, haijalowa chapachapa. Mate kuwa na rangi ya waridi hadi kesho yake ni kawaida. Tone moja la damu hupaka rangi mate ya mdomo mzima, na asubuhi mto unaweza kutisha kuliko kidonda.

Usifanye: kusukutua siku ya kwanza, kutema, kunyonya kwa mrija, kuvuta sigara, kunywa vya moto, kuinama na kubeba vizito, kumeza aspirini kama dawa ya maumivu. Kulala, weka mito miwili.

Nenda hospitali ikiwa awamu mbili za dakika 30 zilizofanywa sawasawa hazikusaidia, ikiwa mdomo unajaa damu nyekundu ang'avu, unaona kizunguzungu, au sakafu ya mdomo chini ya ulimi inavimba haraka. Hilo la mwisho usilisubiri hata dakika kumi.

### Daktari atafanya nini

Atasafisha na kufyonza damu ili aone inatoka wapi: kwenye ufizi au ndani ya mfupa. Atakuchoma ganzi yenye adrenalini, ambayo hubana mishipa. Kama ni ufizi, atakaza kwa nyuzi au atauchoma mshipa mdogo kwa kifaa cha umeme. Kama ni mfupa, atajaza tundu kwa sponji ya jelatini au kitambaa maalumu cha selulosi kinachosaidia damu kuganda, kisha atashona juu yake. Panapovuja kwenye kishimo cha mfupa anaweza kupaka nta ya mfupa. Wenye dawa za kuzuia damu kuganda mara nyingi hupewa pia maji ya kusukutua yenye asidi ya traneksamiki.

Damu inayoanza upya baada ya siku saba au zaidi ni habari nyingine. Hiyo kwa kawaida ina maambukizi nyuma yake, na kung'ata shashi pekee hakutoshi.

## Hatua ya 3: Uvimbe na dawa, siku ya 1 hadi ya 3

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa weka shavuni dakika 20, pumzisha dakika 20, kwa siku ya kwanza. Baada ya saa 48 barafu haina kazi tena. Hapo kitambaa cha uvuguvugu kinafaa zaidi, hasa kama misuli imekaza.

Dawa ya kwanza meza kabla ganzi haijaisha. Ukisubiri maumivu yafike ndipo umeze, utayafukuza usiku kucha. Kwa mtu mzima mwenye afya, parasetamo gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 6 hadi 8 pamoja na chakula. Hizi mbili zikienda pamoja hufanya kazi nzuri kuliko moja iliyozidishwa. Ibuprofeni achana nayo ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ujauzito, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Baada ya saa 24 anza maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, mara nne hivi kwa siku, hasa baada ya kula. Inamisha kichwa upande huu, kisha upande ule, uyaache yaanguke. Usiyasukasuke kwa mashavu. Piga mswaki meno mengine kama kawaida. Mdomo mchafu ni malisho ya bakteria.

Uvimbe ukiwa mkubwa siku ya pili kuliko siku ya kwanza usishtuke. Siku ya tatu au ya nne unapaswa kuanza kunywea, na michubuko ya njano shavuni hadi shingoni ni damu ya ndani inayoisha.

## Hatua ya 4: Tundu kavu, siku ya 2 hadi ya 5

Kisa chake ni kimoja daima. Siku ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Mtu akaanza hata kusema "kumbe si kitu." Kisha siku ya tatu usiku maumivu yanaingia kama msumari: yanapanda sikioni, yanafika kwenye panja, parasetamo haiyagusi. Mdomo unanuka na una ladha mbaya. Hakuna homa, hakuna usaha, uvimbe hauongezeki.

Lililotokea ni kwamba damu iliyoganda imeyeyuka au imeng'oka, na mfupa umebaki uchi. Kwa meno yote kwa jumla huwapata watu wachache, kama 1 hadi 5 kati ya 100, lakini kwa magego ya mwisho ya chini yaliyotolewa kwa upasuaji ripoti nyingine hufikia 30 kati ya 100. Wavuta sigara wamo kwenye hatari zaidi, wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vilevile, pamoja na wale ambao jino lao lilisumbua kutoka.

### Jinsi ya kujikagua

Simama kwenye kioo, mulika. Tundu lenye kitu cheusi au chekundu iliyokolea ndani yake liko salama. Utando mweupe au wa njano laini juu yake pia ni wa kawaida. Ni ngozi changa, na wengi huudhani usaha wakaukwangua kwa kijiti. Usiuguse. Lakini ukiona shimo tupu lenye kuta za rangi ya kijivu au nyeupe ngumu kama mfupa, na maumivu ni kama nilivyoeleza, umelipata.

### Tiba

Hili halihitaji kisu. Daktari ataosha tundu taratibu kwa maji ya chumvi ya hospitali yaliyopashwa, atoe mabaki ya chakula, kisha aweke dawa yenye eujenoli, ile iliyomo kwenye mafuta ya karafuu. Nimeona watu wakifumba macho, na ndani ya dakika tano au kumi mabega yanashuka. Dawa hiyo hubadilishwa kila baada ya siku moja hadi tatu mpaka maumivu yatulie, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Ikiwa ni ya aina isiyoyeyuka lazima itolewe. Ikisahaulika humo inageuka kuwa kitu kigeni kinachozuia kupona.

Daktari akitaka kulikwangua tundu mpaka litoke damu mpya, muulize kwa nini. Njia hiyo ya zamani huongeza maumivu na huweza kuuumiza mfupa zaidi. Na ukipewa antibiotiki peke yake bila kuoshwa, hujatibiwa: tundu kavu si maambukizi ya kawaida, na kidonge hakifuniki mfupa ulio wazi.

Mafuta ya karafuu usiyamimine mwenyewe moja kwa moja kwenye tundu. Yakiwa mazito huunguza ufizi.

Utajuaje umefaulu? Unalala usiku mzima. Katika daftari lako alama inashuka kutoka 8 au 9 hadi 3 au 4 ndani ya siku mbili.

## Hatua ya 5: Uvimbe uliorudi

Umeshapungua, kisha siku ya tano, au hata wiki ya tatu, shavu linajaa tena. Limekuwa gumu, lina joto, linauma ukiligusa. Homa imepanda juu ya nyuzi 38. Huenda usaha wenye chumvichumvi unachuruzika mdomoni. Mara nyingi kuna kitu kimebaki ndani: kipande cha mzizi, unga wa mfupa, mabaki ya chakula chini ya ufizi.

Kanuni ya upasuaji hapa ni ya kale na haijabadilika: usaha ulioko ndani lazima utoke. Antibiotiki husafiri kwa damu, na ndani ya jipu damu haifiki. Kwa hiyo daktari atapiga ganzi, atakata mkato mdogo mahali jipu linapobonyea, mara nyingi ndani ya mdomo, atafungua vyumba vya usaha kwa koleo butu, ataosha, na huenda akaacha kimpira chembamba kwa siku moja au mbili ili usaha uendelee kutoka. Kisha atatafuta chanzo na kukiondoa. Antibiotiki hufuata kama msaidizi. Usikubali kukaa wiki mbili unabadilishiwa vidonge huku shavu linazidi.

Dharura, nenda sasa hivi: uvimbe umehamia chini ya taya, hasa pande zote mbili, ulimi umeinuliwa juu, mate yanadondoka kwa kuwa huwezi kumeza, sauti imebadilika kama mtu mwenye kitu kooni, huwezi kulala chali kwa sababu pumzi inakata. Huu ni uvimbe unaoweza kufunga njia ya hewa ndani ya saa chache. Mgonjwa akae wima, asilazwe kwa nguvu garini. Hospitalini jambo la kwanza ni kulinda hewa, ikibidi kwa mpira wa kupumulia au kutoboa koo kwa mbele, ndipo usaha ukatwe shingoni chini ya usingizi wa dawa. Kliniki ndogo haiwezi hili. Usiingie humo, nenda moja kwa moja hospitali kubwa.

## Hatua ya 6: Mdomo usiofunguka

Pima kwa vidole vyako mwenyewe. Mtu mwenye taya nzima huingiza vitatu vilivyopangwa wima. Siku za kwanza kuingia kimoja au viwili ni kawaida, maana misuli ya kutafunia imejeruhiwa na kuvimba, wakati mwingine na sindano yenyewe.

Kuanzia siku ya tatu hivi, kitambaa cha uvuguvugu dakika 15, kisha fungua polepole hadi panapovuta, shika kwa sekunde tano, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Usilazimishe hadi machozi. Wiki ya pili ikiisha bado ni kidole kimoja, au mdomo ulianza kufunguka kisha ukafunga tena, rudi: kunaweza kuwa na usaha uliojificha kati ya misuli.

## Hatua ya 7: Ganzi isiyoisha

Ganzi ya sindano huisha ndani ya saa 3 hadi 5 kwa dawa za kawaida. Dawa za muda mrefu huchukua zaidi. Kesho yake asubuhi kama mdomo wa chini na kidevu upande mmoja bado ni kama si vyako, au upande wa ulimi hauhisi wala hauonji, mjulishe daktari siku hiyohiyo.

Neva mbili ndizo zinazohusika. Moja hupita ndani ya mfupa wa taya ya chini, chini kabisa ya mizizi ya gego, na huhudumia mdomo wa chini na kidevu. Nyingine hupita upande wa ulimi, karibu mno na ufizi wa gego. Zinapobanwa au kuvutwa hulala. Kwa wengi huamka zenyewe kwa wiki au miezi, na madhara ya kudumu huwapata chini ya mtu 1 kati ya 100.

Fanya hivi nyumbani: kwa ncha ya pamba gusa ngozi kuanzia mahali penye hisia kuelekea penye ganzi, na mtu mwingine achore mpaka huo kwenye picha ya uso wako. Rudia kila wiki. Mpaka ukisogea ndani, au ukianza kuhisi sisimizi wakitembea, neva inarudi. Mpaka ukibaki palepale wiki nne, tano, sita, au sisimizi wamegeuka shoti za umeme, omba rufaa kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya. Tahadhari na vya moto, maana utaungua usijue.

Upasuaji wa neva hufanywa kwa hadubini. Daktari huifungua neva, huondoa kovu au kipande cha mfupa kinachoibana. Kama imekatika hukata ncha zilizoharibika na kuziunganisha kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Pengo likiwa kubwa hupandikizwa kipande cha neva kutoka kwingine, kwa mfano mguuni. Matokeo ni mazuri zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Mwaka ukipita, uwezekano hupungua sana. Nasisitiza kwa sababu kauli ya "subiri tu, itarudi" imewapitisha watu wengi nje ya muda huo. Kusubiri ni sawa, mradi kuna tarehe ya kuacha kusubiri. Ujue pia kwamba hata upasuaji mzuri mara nyingi hurudisha sehemu ya hisia tu.

Kama bado hujang'olewa, na picha ya taya zima, OPG, imeonyesha mizizi imekumbatiana na mfereji wa neva, uliza kuhusu kukata kichwa cha jino pekee na kuiacha mizizi mahali pake. Kwa jino lisilooza hadi kwenye mizizi wala kuwa na usaha, njia hiyo hupunguza sana hatari kwa neva. Hasara yake ni kwamba mizizi huweza kusogea, na wachache hurudi kutolewa mizizi hiyo baadaye, wakati huo ikiwa mbali na neva.

## Hatua ya 8: Maji yanapotokea puani

Hili ni la magego ya juu. Unakunywa maji, yanachuruzika puani upande uleule. Au ukipumua unasikia mluzi mdomoni. Kuta za mfupa hapo ni nyembamba kama ganda la yai, na mizizi inapotoka huweza kuacha tundu linalounganisha mdomo na uwazi wa mfupa wa shavu.

Usijipime kwa kubana pua na kupuliza. Kila mtu hushauriwa hivyo na jirani, na ndivyo tundu dogo linavyokuwa kubwa.

Kwa wiki mbili: usipenge kamasi, futa tu, chafya itoke mdomo ukiwa wazi, usitumie mrija, usipulize ala wala baluni, usivute sigara.

Tundu la chini ya milimita 2 hufunga lenyewe ukifuata masharti hayo. La milimita 2 hadi 6 hushonwa kwa mshono wa umbo la 8 juu ya sponji. Lililozidi hapo huhitaji kufunikwa: daktari huinua kipande cha ufizi upande wa shavu, hukata ngozi ya mfupa iliyo chini yake ili kivutike, na kukishona hadi upande wa kaakaa. Likiwa kubwa zaidi huvuta na mafuta yaliyomo ndani ya shavu, ambayo yana damu nyingi na hushika vizuri. Tundu lililokaa wiki kadhaa hujenga ngozi yake kama bomba. Hilo lazima likatwe kwanza, na usaha wa uwazi huo utibiwe, la sivyo mshono utafumuka. Mzizi uliotumbukia humo ndani hutolewa kwa kufungua dirisha dogo kwenye mfupa juu ya meno ya mbele ya shavu, au kwa kamera kupitia puani.

## Hatua ya 9: Mlio wa taya, na ncha za mfupa

Wiki ya pili au ya tatu, maumivu yameshasahaulika, mtu anatafuna kitu kigumu, anasikia "kra." Meno hayakutani tena kama zamani. Funga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, usile, uende upigwe picha. Tiba ni kufunga taya kwa waya wiki nne hadi sita, au kuunganisha mfupa kwa vibao vidogo vya titani na skrubu. Kinga yake ni rahisi: vyakula laini wiki nne hadi sita, hasa kama una zaidi ya miaka 40 na jino lilikuwa limezama sana.

Ncha ndogo yenye ukali inayochomoza kwenye ufizi ni kipande cha mfupa kinachojitoa. Mara nyingi hutoka chenyewe, au daktari hukivuta kwa ganzi kidogo. Lakini mfupa ulioachwa wazi zaidi ya wiki nane kwa mtu anayetumia dawa za mifupa ni mfupa unaokufa. Huyo aende kwa daktari wa taya moja kwa moja, wala mtu asiuchokoe.

## Hatua ya 10: Ukirudi kufanyiwa upasuaji wa pili

Beba daftari lako, picha ya OPG ya mwanzo, na orodha ya kila dawa uliyomeza pamoja na saa ulizomeza. Daftari lenye "siku ya 1: 6, siku ya 2: 4, siku ya 3: 9" humwambia daktari mengi kabla hujafungua mdomo.

Kama utalazwa kwa dawa ya usingizi, usile kwa saa 6, na maji meupe yakome saa 2 kabla. Tafuta mtu wa kukurudisha nyumbani, usiendeshe. Kabla ya kusaini fomu uliza: chanzo ni nini, mtaondoa nini, neva iko umbali gani, na nikikataa leo itakuwaje?

Ukitoka, saa inaanza upya kuhesabu kutoka siku ya kwanza: shashi nene nyuma kabisa, dakika 30, na kesho yake maji ya chumvi. Ufizi utafunika juu ndani ya wiki tatu au nne. Kishimo kitaendelea kunasa punje za chakula kwa muda. Ndiyo kazi ya bomba dogo la kuoshea kishimo, lenye ncha iliyopinda, lakini omba kliniki wakupe na usilitumie mpaka wakuruhusu, kwa kawaida baada ya siku tano hadi saba. Mfupa wa chini huchukua miezi kadhaa kujaa, na ukipita ulimi hapo utahisi bonde dogo. Liache.